Macho Niliyomwazima Nesi

Mtaani kwetu Kilakala hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Nesi tu, ingawa alistaafu kabla mimi sijajua kusoma, na hata binti yake alipompigia simu alimwita hivyo hivyo. Alikozaliwa sikujui vizuri, na ukoo wake hakupenda kuuzungumzia. Alisema kidonda hakiulizi kabila. Kwa hiyo nitaandika ninachokijua, na ninachokijua zaidi ni mikono yake.

Ilikuwa mikono mifupi, vidole vinene, kucha zimekatwa kwa wembe mpaka karibu na nyama. Aliinawa hadi viwikoni kabla ya kugusa kitu chochote, hata ndizi ya kula. Akimaliza hakuifuta kwa taulo, kwa sababu taulo, kwa maoni yake, ni chafu kuliko mkono. Aliiinua mbele ya kifua, viganja vikiangalia uso, akangoja ikauke yenyewe. Wapita njia walidhani anaomba dua. Wengine waliitikia amina.

Siku za soko, akina mama walioshuka milimani na matenga ya maharage na magimbi kichwani walipitia kwake kwanza. Walikuja na vidole vilivyokatwa na mundu, visigino vilivyopasuka, majipu, watoto wenye upele mgongoni. Walikaa kwenye kibaraza chake kwa mstari na kungoja. Hakuwa na kibao wala koti jeupe. Alikuwa na beseni la bati, birika la maji ya chumvi, bandeji alizozifua na kuzipiga pasi, na ndani ya kopo la biskuti tyubu mbili tatu za dawa ya kupaka, ile antibayotiki ambayo kila duka la dawa linayo. Jambo kubwa alilipeleka zahanati bila kubishana. Jambo dogo alilimaliza mwenyewe.

Alikuwa na kawaida moja ambayo watu waliicheka. Hakupaka dawa ya tyubu kwenye kidonda cha mtu siku ya kwanza. Alichukua kiasi cha punje ya mchele, akakipaka upande wa ndani wa mkono wako, karibu na kiwiko, akakuambia usipaoshe, urudi baada ya siku mbili. Kidonda chenyewe alikisafisha kwa maji ya chumvi, akakifunga, basi. Dawa ni mgeni, alisema, na mgeni hukaribishwa kibarazani kwanza, hapelekwi chumbani moja kwa moja.

Namkumbuka mwanamume mmoja mchukuzi wa kabichi, bega limechunika kwa mzega, ule mti wa kubebea mizigo. Alikuwa na haraka, na alikuwa na mdomo.

"Nesi, unanijaribia dawa kama mimi mbuzi?"

"Mbuzi hana maneno mengi hivyo," Nesi alimjibu, akiendelea kumpaka.

Akina mama wakacheka mpaka tenga moja likapinduka. Siku ya soko iliyofuata yule mchukuzi alirudi kimya, mkono ameunyoosha mbele. Mahali palipopakwa palikuwa na duara jekundu lenye vipele, na alikuwa amejikuna mpaka ngozi imetoka. Alitaka kujua Nesi alijuaje. Nesi akamwambia hakujua, ndiyo maana alingoja. Bega lile alilitibu kwa maji ya chumvi peke yake, na likapona.

Ukisikia hivyo utadhani alikuwa mtu wa tahadhari katika kila jambo. Hapana. Mtu huyo huyo alikuwa akifungua boksi jipya la dawa, anaichomoa karatasi ya maelezo iliyokunjwa ndani, na kuitumia kuwashia jiko la mkaa. Hakumpa mgonjwa hata mmoja. Nilipomuuliza sababu aliniambia ukimsomea mtu maudhi yote ya dawa, ataondoka na maudhi na dawa ataiacha. Karatasi ni yeye mwenyewe, alisema. Atakayeona kitu kigeni arudi amwambie.

Na alikuwa na kauli yake ya kutuliza watu, ambayo nadhani kila nyumba ya huku kwetu inaijua. Mtoto akilia kwamba kidonda kinamwasha, Nesi alisema, "Kinawasha? Basi kinapona." Mara nyingi alisema kweli. Kidonda kinachokauka huwasha. Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi kiasi kwamba hata mimi nikiumwa na mbu huisema.

Kitu kingine kilichotuchekesha ni kwamba aliogopa sindano. Aliwachoma watu miaka yote ya kazi yake, lakini yeye mwenyewe akisikia neno sindano alikumbuka kwamba ameacha maharage jikoni. Kwa sababu hiyo hakwenda hospitali. Alisema hospitali anaijua kwa upande wa ndani, na upande ule unamtosha.

Mimi niliingia kwake kupitia zile karatasi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo ambayo niliyaficha nyumbani wiki nzima, na nilikuwa najifundisha Kiingereza kwa kamusi isiyo na jalada. Siku moja nilipeleka kikombe alichotuazima, nikamkuta ameshika kiberiti na karatasi. Nikamwomba anipe. Akaniangalia kama mtu aliyeombwa majivu, akanipa. Tangu hapo aliniwekea zote. Nilizisoma neno kwa neno, nikaandika tafsiri pembeni kwa penseli, nikazipanga kwenye faili la plastiki. Yaani maneno yangu ya kwanza magumu ya lugha ile yalikuwa wekundu, uvimbe, malengelenge, muwasho unaozidi, acha kutumia.

Naomba msomaji aliweke hilo akilini. Nilijua. Nililijua kwa lugha mbili.

Baadaye nilipata kazi steshenari karibu na soko, nikajifundisha kuchapa kwa vidole vyote kumi, na jioni nikawa namwandikia Nesi kadi za wagonjwa: jina la dawa, mara ngapi, mpaka lini. Nilizipiga mistari kwa rula. Mkia wa herufi ukigusa mstari wa chini, nilichana kadi na kuanza upya. Mgonjwa anangoja, mimi nachana. Ndipo aliponipa jina.

"Rula," alisema, "mtu anavuja damu, wewe unapiga mistari."

Nilicheka pamoja na wengine, lakini usiku ule sikulala vizuri. Ndivyo nilivyo. Mtu akinisahihisha kwa utani, mimi nasikia hukumu. Nikifanya kosa dogo naamini limeonyesha mimi ni nani hasa, na kwamba watu walikuwa wanangoja tu lionekane. Sina cheti. Kila ninachokijua nimekiokota. Mtu wa kuokota anaogopa sana siku atakapoambiwa arudishe.

Nesi alikuwa wa kwanza kuniamini na kitu cha mwili wa mtu. Mtoto wa jicho alianza kumfunika kidogo kidogo, kwanza jicho la kushoto. Aliniweka kando yake nimwelezee kidonda kabla hajakigusa. Kina ukubwa gani? Kingo zake zikoje? Kinatoa nini, cha rangi gani? Nilijibu kwa vipimo, na alipenda. Aliwaambia akina mama wa milimani kwamba amenunua macho mapya, na hayahitaji miwani. Nilitembea nyumbani siku hiyo kama mtu aliyevishwa taji. Jicho la pili lilipoziba, akaacha kupokea wagonjwa. Ila macho yake yakabaki mimi.

Mvua za masika zilizopita aliteleza akajikwangua muundi kwenye ukingo wa ngazi. Ngozi ilitoka kipande cha urefu wa kidole. Haikuwa kubwa, lakini ngozi ya mzee kama yake ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Nikamwambia twende zahanati. Akasema ana maharage jikoni. Nikamuuliza basi kama tumjaribu yule mgeni kibarazani kwanza, akacheka.

"Mimi na dawa hii tumezeeka pamoja. Nimejipaka tangu nina meno yote."

Kwa hiyo hatukungoja. Nilimpaka asubuhi kabla ya kazi, mchana nilipokimbia kutoka steshenari, na jioni. Niliweka kengele kwenye simu. Nilikuwa nanawa mpaka viwikoni na kuinua mikono ikauke kama yeye. Kila mara nilipofungua bandeji aliuliza swali moja: "Pakoje?"

Siku tatu za kwanza palikuwa pazuri, na nilisema pazuri.

Siku ya nne niliona wekundu kuzunguka kidonda. Haukuwa kwenye kidonda chenyewe, ulikuwa kwenye ngozi nzima iliyo pembeni, pale pale ilipofika dawa, na mpaka wake umechorwa wazi kama ramani. Nesi alisema panawasha. Kabla sijafungua mdomo akajijibu mwenyewe kwamba basi panapona. Akauliza pakoje.

Nilisema panaendelea vizuri.

Nimejaribu mara nyingi kueleza kilichonipata sekunde ile. Sikufikiria dawa. Nilifikiria mikono yangu. Nilidhani sikunawa vya kutosha, au bandeji sikuipiga pasi vizuri, na kwamba nikimwambia atajua kwamba macho aliyojivunia yamekaa kwenye mwili wa mtu mchafu. Nikajipa siku moja nirekebishe bila yeye kujua. Siku ya tano nikapaka dawa zaidi, eneo kubwa zaidi, nikafunga kwa kukaza ili vumbi lisiingie. Wekundu ukafuata dawa. Mimi nikaufuata wekundu kwa dawa.

Siku ya saba nilifungua faili langu na kuisoma ile karatasi. Mwandiko wangu wa penseli ulikuwa pale: acha kutumia. Mtu mwingine angeacha. Mimi nilipiga hesabu ya siku ambazo nilikuwa nimeshasema uongo, nikaona kwamba nikiacha sasa nitaulizwa kwa nini leo na si Jumatatu nilipouona wekundu. Nikafunga faili. Nilijiambia dawa ambayo imemkubali miaka yote haiwezi kumkataa leo, na maonyo yale ni ya watu wengine.

"Panawasha mpaka nasikia kujitoa ngozi, Rula. Pakoje?"

"Pamekauka, Nesi. Pamebaki padogo."

Hivyo hivyo mpaka siku ya kumi na sita.

Siku ya kumi na saba binti yake alifika kutoka Gairo, anakoishi, bila kutoa taarifa. Aliona mama yake anachechemea, akamketisha, akafungua bandeji mwenyewe. Nilimkuta amepiga magoti sakafuni. Mguu ulikuwa mwekundu mpaka karibu na goti, una malengelenge, unatoa majimaji yaliyoshikamana na bandeji. Harufu haikuwa mbaya. Nasema hivyo kwa sababu wakati ule nilijifariji na hilo pia.

Tulikwenda hospitali moja mjini. Nesi hakubisha, na kwa kutobisha kwake nikajua maumivu yalikuwa makubwa. Daktari alikuwa kijana mpole. Nesi, aliyekuwa anasikiliza kama kuna mlio wa trei ya sindano, alimwambia panawasha kidogo tu, panapona. Daktari akanigeukia mimi, mfungaji wa kidonda, akaniuliza wekundu ulianza lini.

Binti yake alikuwa ananitazama. Nesi alikuwa amegeuza uso kuelekea niliposimama, akingoja, bila wasiwasi wowote.

"Juzi," nilisema.

Wekundu uliopanda mpaka gotini kwa siku mbili ni jambo lingine kabisa. Daktari alisema bakteria wameingia, akaandika vidonge, akasema dawa ya kupaka tuendelee nayo vile vile. Simlaumu. Alitibu mguu niliomsimulia.

Binti akaamua kumchukua mama yake kwenda naye Gairo siku ile ile. Aliniomba nimwandikie kadi ya dawa ili asikosee. Niliandika: mara tatu kwa siku, paka eneo lote lililoathirika. Mistari ilinyooka. Sikuichana.

Walipoondoka nilikaa siku nne. Asubuhi kengele ya simu ililia, mchana ikalia, jioni ikalia, na kila ilipolia nilijua Gairo kuna mtu anafungua tyubu kwa kufuata mwandiko wangu. Ningeweza kupiga simu. Niliandika ujumbe nikaufuta, nikauandika vizuri zaidi, nikaufuta. Siku ya tano sikwenda kazini. Nilipanda basi la Dodoma linalopita Gairo, na faili langu mapajani.

Niliwakuta uani, wakati wa dawa ya mchana. Binti alikuwa amepachika kadi yangu ukutani kwa gundi ya karatasi. Nilimwamkia Nesi, akaitikia kwa furaha iliyonikata. Akasema nimekuja wakati mzuri, macho yake yamefika, huyu binti hajui kueleza. Nikamwomba binti aweke tyubu chini kwanza.

"Nesi, wekundu haukuanza juzi. Ulianza siku ya nne."

"Siku ya nne ya nini?"

"Ya kupaka. Nadhani mwili wako umeikataa dawa. Imeandikwa kwenye karatasi. Niliisoma."

Kuku walikuwa wanaparua karibu na miguu yake, hakuwafukuza.

"Na mimi nilikuuliza mara ngapi?"

Nilikuwa nimeshahesabu kwenye basi. "Tangu siku hiyo, mara thelathini na tisa."

Binti yake alisimama. Aliniambia ningekuwa mdogo wake angenitandika mbele ya majirani, na kwamba anashukuru mimi si mdogo wake. Kisha akaenda ndani kuleta maji ya kuosha mguu. Nesi alingoja mpaka aliposikia mlango.

"Ngozi yangu ilikuwa inaniambia," alisema taratibu, kama mtu anayejieleza mwenyewe. "Kila siku inaniambia. Mimi nikawa naiambia inyamaze, Rula ameshaangalia."

Nilianza kusema samahani. Alitikisa kichwa, si kwa ukali, kama anavyotikisa mtu aliyepewa kiti na hataki kukaa. Badala yake niliandika kwenye karatasi safi tarehe zote, tangu siku ya kwanza, nini nilipaka na nini niliona, na siku ngapi nilidanganya. Binti akaichukua, na jioni ile ile wakaenda kituo cha afya. Mganga wa pale, binti aliniambia baadaye, aliisoma mara mbili, akasema ni mzio. Mwili unaweza kuipokea dawa miaka mingi, halafu siku moja ukaikataa, hasa mguuni, hasa kwa mtu mzima. Akaiondoa ile ya kupaka, akabadilisha matibabu. Mguu ulichukua miezi kukauka, na ngozi ikabaki nyeusi na ngumu.

Kilakala hakurudi kuishi. Watu wa mtaani walinisifu kwa jinsi nilivyomhudumia, na akina mama wa milimani walianza kugonga kwangu. Niliwaelekeza zahanati. Wengine waliniona nina maringo.

Mwezi uliopita nilimwona. Nilikuwa nimetumwa kupeleka karatasi za kuchapia hospitalini, nikapita kwenye korido ya kliniki ya macho. Alikuwa kwenye benchi na binti yake, amevaa miwani myeusi, kitambaa cha dawa kimebandikwa jicho moja. Jicho lile lingine lilikuwa limefanyiwa upasuaji wiki chache nyuma. Binti alinisalimu kwa kichwa. Akasema mama mwenyewe ndiye aliyetaka, na sindano ya jicho amechomwa bila kupiga kelele, kwa sababu amechoka kuambiwa mambo.

Nilipiga hatua mbili mbele, nikasema shikamoo.

"Marahaba," alisema, akavua miwani. Aliniangalia kwa jicho lile moja kwa muda mrefu. Hakuwa ameuona uso wangu vizuri karibu miaka mitatu. "Umekonda," akasema.

Nilimwambia ni kazi. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Gairo, nimeyanyoosha mpaka hayana kosa hata moja, na nilijua akiniuliza chochote nitamjibu kweli, chote, bila kuchagua. Nilisimama pale nikingoja.

Aliinama polepole, mkono mmoja umeshika benchi, akapandisha gauni mpaka chini ya goti. Akaugeuza mguu kuelekea mwanga wa dirisha. Akapitisha kidole kwenye lile baka jeusi, kutoka juu kwenda chini, akaangalia, akakaribia, akaangalia tena. Kisha akashusha gauni, akalinyoosha, akavaa miwani yake.

Hakuniuliza kitu.